Arukaye Hana Budi Kuwa na wa Kumpokea

Tulipokuwa safarini mkoani Lindi katika siku za karibuni, tulipumzika Mnero, katika ile nchi ya Wamwera ambayo leo imegawanyika baina ya wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Jua lilikuwa limekwisha kushuka, na kazi za mashambani zilikuwa zimekoma. Chini ya mwembe mmoja tuliwakuta watoto wapatao kumi wamelizunguka rundo la mchanga. Mmoja wao, mdogo kuliko wenziwe wote, alikuwa amepanda juu ya tawi la chini, naye amejivika kichwani kipande cha gunia kilichotobolewa matundu mawili ya macho. Tulipomwuliza yeye ni nani hakujibu, maana mwenye kinyago hasemi. Wenziwe walisema kwa niaba yake: "Shikamooni. Huyu ni Rey Mysterio." Kisha akaruka.

Hatukuona vyema jinsi alivyoruka, kwa kuwa macho yetu yalivutwa na jambo jingine. Chini ya tawi walisimama wavulana wawili wakubwa kidogo, miguu wameipanua, mikono wameinyoosha mbele, na nyuso zao hazikuwa na mzaha hata kidogo. Walimpokea mwenzao kifuani, wakarudi nyuma hatua mbili, wakaanguka naye mchangani kwa vicheko. Watazamaji wote walimshangilia aliyeruka. Hakuna aliyewashangilia waliompokea.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu, hususan waheshimiwa walioko maofisini, wakashangaa kuiona safu hii ikimzungumzia mpiga mieleka wa Marekani wakati yapo mambo mengi ya nchi yanayongoja kusemwa. Tunaomba watuvumilie. Jina hilo linajulikana Mnero kama linavyojulikana Mkokotoni na Wete. Limeenezwa kwa miaka mingi na mabanda ya video, na sasa linaenezwa na simu za mkononi. Jambo linalopendwa na watoto wetu kwa kiasi hicho si jambo dogo, na mzee mwenye busara hulichungua kabla ya kulikemea.

Mtu huyu jina lake la kuzaliwa ni Óscar Gutiérrez. Alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1974, katika mji wa Chula Vista, jimbo la California, karibu kabisa na mpaka wa Meksiko. Ng'ambo ya mpaka huo uko mji wa Tijuana, na huko mzee mmoja wa ukoo wake alikuwa mpiga mieleka mashuhuri kwa jina la Rey Misterio, maana yake Mfalme wa Fumbo. Kijana alifunzwa na mzee huyo, na mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 14 tu, alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza. Baadaye alirithi na jina lenyewe.

Alikuwa mdogo wa mwili na amebaki hivyo. Urefu wake ni kiasi cha mita 1.68, na uzito wake hauzidi sana kilo 80. Katika mieleka ya Marekani ya wakati ule, mtu wa kimo hicho aghalabu alihesabiwa kuwa mchekeshaji, au mtu wa kupigwa ili mkubwa apate sifa. Lakini Meksiko ilikuwa na mila nyingine. Mieleka yao, iliyopata mpangilio wake wa kibiashara tangu mwaka 1933, iliwaheshimu sana wepesi, watu wanaopanda kamba, wanaojirusha nje ya ulingo, wanaomzunguka mpinzani shingoni kwa miguu na kumbwaga. Kijana huyu alikuja na mila hiyo Marekani mwaka 1995, akajiunga na kampuni kubwa ya WCW mwaka 1996, na kuanzia mwaka 2002 akawa katika kampuni ya WWE. Kila alipopita watu waliona kwamba udogo wake haukuwa upungufu. Walilipa kiingilio ili waone mtu mdogo akiwaruka wakubwa.

Hapa yatupasa kusema wazi jambo ambalo watoto wengi hawaambiwi. Mieleka ya kulipwa si mashindano kama tunavyoyafahamu mashindano. Mshindi hupangwa kabla ya pambano, na wapinzani ni washirika wa kazi moja, mfano wa waigizaji jukwaani. Wako wanaoidharau kwa sababu hiyo. Sisi hatuidharau, kwa maana mapatano ya watu wawili hayailainishi sakafu. Ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa kwa sponji jembamba na turubai. Mwenye kuanguka hufundishwa kubana kidevu kifuani na kutua kwa mgongo wote mara moja, ili pigo lisambae mwilini badala ya kukusanyika mahali pamoja. Mazoezi hayo ya kuanguka huanza kabla mtu hajafundishwa kumrusha mwingine.

Na mwenye kuruka juu ya kamba hawezi kujisaidia akiwa hewani. Maisha yake yamo mikononi mwa yule anayeonekana kuwa adui yake. Huyo adui ndiye asimamaye mahali panapostahili, ndiye anyanyuaye mikono kwa wakati, ndiye atangulizaye mwili wake chini ili mwenziwe asifikie kichwa. Akichelewa kwa kupepesa jicho, shingo huvunjika. Kwa hiyo kila sifa apewayo mrukaji, nusu yake ni mali ya mpokeaji ambaye watu wanamzomea.

Mfano mmoja utatosha. Mwezi Oktoba 1997, mjini Las Vegas, Rey Mysterio alipambana na Eddie Guerrero, naye mtoto wa ukoo wa wapiga mieleka wenye asili ya Meksiko. Masharti yalikuwa kwamba Rey akishindwa atavua barakoa yake hadharani, na Eddie akishindwa ataupoteza ukanda wa ubingwa. Eddie siku ile alikuwa mtu mbaya wa mchezo, mwenye kejeli na ukatili, na umati ulimchukia. Wajuzi wa mieleka mpaka leo wanalihesabu pambano lile miongoni mwa mapambano bora yaliyopata kuonekana. Lakini mtu akilitazama kwa makini atagundua kwamba kila mara Rey alipopaa, Eddie alikuwa pale pale alipotakiwa kuwapo. Yule aliyechukiwa ndiye aliyekuwa mlinzi, na nje ya ulingo wawili hao walikuwa marafiki.

Ama kuhusu hiyo barakoa, tunadhani watu wa Kusini wanaelewa uzito wake kuliko walivyoelewa wakubwa wa kampuni za Marekani. Wamakonde wana vinyago vya ngoma waviitavyo mapiko, na katika nchi hizi za Kusini huonekana pia wachezaji wa vinyago wanaotembea juu ya mironjo, yaani miguu ya miti, wakawa warefu kupita mapaa ya nyumba. Kwa desturi, asiyepitia unyago haambiwi ni nani aliyemo ndani ya kinyago, na kumtaja kwa jina ni kuvunja mwiko. Meksiko nako ni vivyo hivyo. Mpiga mieleka wao mkubwa kuliko wote, El Santo, alipofariki mwaka 1984 alizikwa akiwa na barakoa yake ya rangi ya fedha. Lakini mwezi Februari 1999 kampuni ya WCW ilimtaka Rey aivue yake, naye akaivua, ingawa alieleza baadaye kwamba hakuuafiki uamuzi huo. Miaka miwili baada ya hapo, Machi 2001, kampuni yenyewe ilinunuliwa na mshindani wake ikatoweka. Alipoingia WWE mwaka 2002 aliirejesha barakoa, na watoto wakaanza kuinunua na kuivaa katika kila pembe ya dunia. Walioivua hawakujua thamani ya kitu walichokuwa nacho.

Tarehe 13 Novemba, 2005, Eddie Guerrero alikutwa amezidiwa hotelini mjini Minneapolis na akafariki dunia kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 38. Miezi miwili na siku chache baadaye, tarehe 29 Januari, 2006, Rey aliingia katika pambano la watu 30 liitwalo Royal Rumble. Aliingia wa pili, akadumu ulingoni kwa dakika 62, akawa mtu wa mwisho kubaki. Mwezi Aprili mwaka huo huo, karibu na Chicago, alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mbele ya Kurt Angle na Randy Orton, akautoa ushindi huo kuwa kumbukumbu ya rafiki yake. Msomaji atasema kwamba ushindi ule ulipangwa, na atakuwa amesema kweli. Lakini machozi hayakupangwa.

Tungeweza kuikomesha habari hii hapa, ikabaki habari njema ya mnyonge aliyewashinda wenye nguvu. Hatutakuwa tumewatendea haki wasomaji wetu, wala wale watoto wa Mnero. Kuruka kule kulilipiwa. Magoti ya Rey Mysterio yamefanyiwa upasuaji mara nyingi, na mara kadhaa alikaa nje ya kazi kwa miezi mingi akijiuguza. Na liko jambo zito zaidi ya magoti.

Tarehe 20 Machi, 2015, Rey alipigana Tijuana, mji ule ule alikokulia katika mchezo huu. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo Pedro Aguayo mtoto, mpiga mieleka aliyependwa sana Meksiko, mwenye umri wa miaka 35. Rey alimpiga teke la kuruka la kawaida kabisa, la aina aliyokwisha kulipiga mara zisizohesabika, na Aguayo akaangukia kamba. Hakuinuka tena. Shingo yake ilikuwa imeumia vibaya, lakini pambano liliendelea kwa muda, kwa sababu wenziwe walidhani anaigiza. Hatimaye alitolewa juu ya ubao wa mbao nyepesi, na usiku ule ule, ilipokwisha kuingia tarehe 21, akafariki. Rey hakukusudia ubaya, wala hakushtakiwa. Lakini alimwona mwenzake akiondoka duniani kwa kazi yao ya pamoja.

Tumelifikiri sana tukio hili. Kinachotuumiza moyo si teke, bali ule muda mfupi ambamo maumivu ya kweli yalidhaniwa kuwa mchezo. Mahali ambapo kila siku watu hujifanya wameumia, aliyeumia kweli hana namna ya kujulikana, ila awepo mtu ambaye kazi yake ni kumtazama huyo tu, mwenye machela karibu na ujuzi mkononi. Mtu huyo na machela hiyo ni kitu cha kuandaliwa kabla ya pambano, wala hakiwezi kutafutwa mtu akiwa tayari amelala.

Waheshimiwa wa serikali watatuwia radhi tukiwakumbusha kwamba jambo hili lina upande wa kisheria. Mwezi Februari 1989, mwaka ule ule Rey alioanza kazi, kampuni ambayo leo huitwa WWE ilikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani wala si mashindano ya kweli. Haikukiri kwa kupenda ukweli. Shabaha yake ilikuwa kuondolewa chini ya mamlaka ya serikali iliyosimamia michezo, pamoja na kodi, leseni na masharti ya kupimwa afya. Tena wapiga mieleka wake hawahesabiwi kuwa waajiriwa, bali watu wanaojitegemea kwa mkataba. Hivyo mrukaji mashuhuri kuliko wote alifanya kazi maisha yake yote katika biashara iliyojitahidi kwa hila zote isiwe na mwenye jukumu la kumpokea akianguka.

Je, sisi tunahusika vipi? Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kuelezwa habari za kuruka na kuanguka. Kila jioni pale Forodhani vijana hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani huku wageni wakiwapiga picha. Wanajirusha kwa madaha yasiyopungua ya yeyote aliyepata kupanda ulingo, na maji yakiwa yamejaa bahari huwapokea vizuri. Maji yakitoka, chini ni mawe. Pemba nako, msimu wa karafuu ukiingia, watu hupanda miti mirefu kutafuta riziki, na si wote wanaoshuka kwa miguu yao. Mnero na vijiji jirani, mtoto hupanda mwembe au mkorosho, na tawi likikatika hupelekwa hospitali juu ya baiskeli au pikipiki, shingo ikining'inia, kwa kuwa aliyemwokota hakupata kufundishwa kwamba shingo iliyoumia haitikiswi.

Na nchi ile ya Nachingwea yajua pia kuruka kwa namna nyingine. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza mpango wake mkubwa wa kulima karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ilijengwa, mitambo ikaletwa, miti ikang'olewa, na udongo haukupimwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hapo baadaye hata reli yenyewe iling'olewa. Waliopanga kule kuruka walikuwa London, lakini waliobaki chini ni wengine.

Hatusemi, basi, kwamba watoto wakatazwe. Kipaji cha mwili ni neema, na mtoto anayekatazwa kuruka mbele ya mzee huenda akaruka nyuma ya nyumba, mahali pasipo na mpokeaji kabisa. Ruangwa imekwisha kuonyesha kwamba kijiji na mji mdogo vyaweza kuinua mchezo ukasikika nchi nzima. Klabu yake ya Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka 2020 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi yetu, iliyochezwa Sumbawanga, ikashindwa na Simba kwa mabao 2 kwa 1. Lakini mpira ulikuwa na uwanja, kocha na mwamuzi. Wanaoruka chini ya mwembe wana rundo la mchanga tu, na mchanga huo waliusomba wenyewe.

Maombi yetu ni machache wala hayahitaji fedha za kigeni. Kwanza, walimu wa michezo wa shule za msingi, wale wanaoandaa watoto kwa mashindano ya UMITASHUMTA, na wenzao wa Unguja na Pemba, wafundishwe namna ya kumfunza mtoto kuanguka kabla hajafunzwa kuruka. Pili, kila shule yenye vijana wa sarakasi, mieleka au viungo ipatiwe godoro la mazoezi, hata likiwa limeshonwa kijijini kwa magunia na sufi. Tatu, panapokuwa na onyesho la kulipiwa, kibali kisitolewe mpaka mwandaaji aonyeshe ni nani atakayemhudumia aliyeumia, na kwa machela gani. Nne, wazazi wawaambie watoto ukweli kuhusu mieleka wanayoitazama, kwamba yule mtu mbaya anayezomewa ndiye anayeshika uhai wa yule mzuri. Mtoto akilijua hilo hatamrukia mwenziwe asiyekuwa tayari.

Rey Mysterio mwenyewe alipata baraka ambayo wengi wa kazi yake hawakuipata, nayo ni kuzeeka. Mwezi Mei 2021 yeye na mwanawe Dominik walitwaa ubingwa wa watu wawili wawili, wakawa baba na mwana wa kwanza kuupata pamoja katika kampuni ile. Tarehe 31 Machi, 2023, aliingizwa katika orodha ya heshima ya kampuni hiyo, na kesho yake akapigana na mwanawe huyo huyo mbele ya maelfu ya watu. Katika mchezo walikuwa maadui wasiosameheana. Lakini tunaamini kwamba hakuna siku aliyoruka akiwa na moyo mtulivu zaidi, kwa kuwa aliyesimama chini kumpokea alikuwa damu yake. Mwezi Desemba 2024 yule mzee wa Tijuana aliyemfundisha kuanguka alifariki dunia.

Kabla hatujaondoka Mnero tuliwauliza wale wavulana wawili kwa nini wao hawaruki. Mmoja alitujibu kwa adabu, na bila kuonyesha kwamba ametuona wajinga, kwamba wao ni wazito, tena mdogo wao ndiye anayependa kuruka, "na sisi, babu, ndio wa kumdaka."

Tungependa kila ofisi yenye dhamana ya vijana, Bara na Visiwani, iweze kujibu hivyo itakapoulizwa.